Mama Nyundo na Fuko Wake

Tuseme ukweli tangu mwanzo ili tusichoshane: Mama Nyundo hakuwa mtu wa kupendwa. Kuna watu ambao ukisikia viatu vyao koridoni unajikuta umeshaficha kikombe cha chai na kuvuta kazi karibu, na yeye alikuwa mmoja wao. Jina lile alibandikwa kazini kwa sababu mbili. Kifaa alichokibuni kilikuwa nyundo, na mdomo wake ulikuwa nyundo nyingine. Alikupa vidonge vyako asubuhi hata koti hujavua, na ukijaribu kujitetea alikutazama juu ya miwani mpaka ukasahau ulichotaka kusema.

Kazi lakini aliijua. Hilo hata wasiompenda walilikubali, nao walikuwa wengi.

Kazi yenyewe ilifanyika kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya chuo, jengo refu la mabati lenye feni zilizogoma na sakafu iliyopakwa rangi ya kijivu. Humo watu wachache walikuwa wanaunda vyombo vya kwenda Mwezini. Usicheke. Roketi hawakuwa nayo na hawakuwahi kujidai kuwa nayo. Wenye roketi kubwa waliporusha mizigo yao, kona fulani ilibaki tupu, na watu wa karakana waliomba lifti kwenye kona hiyo. Chombo chao kilikuwa na ukubwa wa friji ndogo ya dukani. Mota zake zilikuwa za aina ile inayozungusha drili ya daktari wa meno, na chochote kilichoweza kununuliwa dukani kilinunuliwa dukani. Kitu ambacho hakikuwa na mchezo ni uzito. Mwenye roketi alikuwa ameshasema: kilo zenu ni hizi, mkizidisha mtabaki chini. Kwa hiyo pale watu wazima wenye wajukuu waligombea skrubu, tena waligombea kweli, wakanuniana wiki nzima.

Safari hii ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko skrubu. Chombo kilikuwa na nafasi ya kifaa kimoja tu cha kuchunguza kilichomo chini ya vumbi la Mwezi, na vifaa vilikuwa viwili. Kimoja cha Mama Nyundo, kingine cha Mizani. Na hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Mizani alikuwa mume wa mdogo wake Mama Nyundo. Ndiyo, shemeji yake kabisa, aliyekuja kuposa kwa adabu zote na kukaa kwenye ukingo wa kochi kama anaogopa kulichafua. Jina la Mizani alilipata kwenye chombo kilichotangulia, alipopewa kazi ya kusimamia uzito. Chombo kile kilizidi kilo, na yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuamua kipi kitoke. Jumapili alikwenda na mkewe kula kwa Mama Nyundo, akasifu mapishi, akaomba aongezewe, akacheka na kila mtu. Jumatatu akakitoa kifaa cha Mama Nyundo. Hakuuliza, hakudokeza, hata jicho hakumpa. Chombo kilikwenda, kikatua salama, kikapiga picha za mawe. Mama Nyundo aliziangalia zile picha akasema, "Mawe hata nyuma ya nyumba yangu yapo," akarudi mezani kwake, na tangu siku hiyo hakumwita Mizani shemeji tena. Akilazimika kumtaja alisema "yule bwana", na alivyolitamka ungedhani ana kitu kichungu ulimini.

Kifaa chenyewe kiliitwa Fuko. Kilikuwa bomba la chuma lenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, limechongoka mbele. Ndani yake mlikuwa na springi na nyundo. Mota inakaza springi, springi inaachia, nyundo inagonga, na bomba linajipigilia lenyewe ardhini kidogo kidogo, likiburuta nyuma yake utepe wenye vipimajoto. Kila mtu pale alimzungumzia kama kiumbe: Fuko kashuka, Fuko kagoma, Fuko hajaamka vizuri leo. Alikuwa mwepesi, alikuwa rahisi kutengeneza, na angeweza kufika mahali ambapo hakuna mkono wala mashine iliyowahi kufika. Mama Nyundo alitaka kujua jambo moja tu duniani, kule chini kuna nini. Kama ni barafu, kama ni mwamba, kama ni mabaki ya joto la zamani. Alikuwa amelitaka jibu hilo tangu usichana wake, kabla ya ndoa, na ndoa yenyewe ilikuja ikapita, jibu bado analitaka.

Rada ya Mizani haikugusa kitu. Ilituma mawimbi chini, ikasikiliza mwangwi, ikachora tabaka kwenye kioo cha kompyuta. Mama Nyundo aliiita kupiga hodi bila kuingia. Alilisema hilo kikaoni, mbele ya Mizani, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Na mwaka uliokuwa unafuata alikuwa anastaafu. Hapakuwa na chombo kingine kwenye foleni. Fuko asipopanda hiki, basi, hapandi tena, na yeye ataondoka kazini bila kujua. Kila mtu karakanani alilijua hilo, na Mizani alilijua kuliko wote.

Sasa, ili ujue kama Fuko anaweza kuchimba Mwezini, lazima umjaribu kwenye kitu kinachofanana na Mwezi. Walikuwa na sanduku moja la chuma, limesimama wima kama kabati la nguo, limejazwa vumbi jeusi la jiwe lililosagwa kwenye machimbo ya kokoto. Vumbi lile lilikuwa laini kuliko unga, linaingia puani, linaingia kwenye mkate wako hata ukila nyumbani. Vumbi la juu la Mwezini halina tone la maji, kwa hiyo hili nalo lazima likaushwe, na chini ya sanduku kulikuwa na hita iliyowaka wakati wote. Sanduku la pili halikuwepo, maana mambo yenyewe yalikuwa ya kubanabana. Mkurugenzi wa karakana akagawa siku: asubuhi Mizani na rada yake, mchana Mama Nyundo na Fuko. Akadhani amemaliza ugomvi, maskini.

Msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Mama Nyundo aliletewa magunia mapya ya vumbi kutoka stoo, akajazia sanduku mpaka juu. Siku chache baadaye alikuta uso wa vumbi umesawazishwa kwa namna ambayo si yake. Yeye alisawazisha kwa ubao, akivuta kuelekea dirishani. Huyu aliyepita alikuwa amevuta kuelekea mlangoni.

"Nani ameshika vumbi langu?" akauliza.

Fundi wa karakana, mtu mnene asiyependa maneno, alisema, "Si mnatumia wote wawili, Mama? Atakuwa Mizani asubuhi, alimaliza akasafisha."

"Akasafisha. Alipomsafisha Fuko wangu kwenye chombo kile nako mlisema anasafisha?"

Fundi akatafuta kazi nyingine ya kufanya. Mama Nyundo alikwenda mjini mwenyewe kwenye mvua, akanunua nailoni nyeusi nzito, ile ya kufunikia malori, akamwamuru Fundi alifunike sanduku lote kwa juu, alikaze kwa ukanda wa chuma, atie kufuli. Katikati akaacha kidirisha kidogo cha kumpitishia Fuko, nacho alikifunga kwa karatasi ya gundi kila alipomaliza. Kufukia mashimo ya Fuko hakukuhitaji mtu kuingiza mkono. Kulikuwa na mota ubavuni mwa sanduku, ukiiwasha inalitikisa lote na vumbi linajishindilia. Mizani naye hakuhitaji kufungua chochote, maana mawimbi ya rada yanapita kwenye nailoni kama haipo. Ufunguo aliutia kwenye mkoba wake. Siku hiyo alikula chakula cha mchana kwa raha, kitu ambacho watu walikiona wakakishangaa.

Basi, hapo ndipo Fuko alipoanza kugoma.

Kabla ya hapo alikuwa anashuka vizuri. Sasa aliingia kiasi cha kiganja, akasimama. Nyundo ilikuwa inagonga, unaisikia, lakini Fuko anaruka palepale, anagonga, anaruka, hasogei. Mama Nyundo alibadilisha springi. Alibadilisha ncha. Alimfungua Fuko mezani, akamsafisha kwa brashi ya meno, akamfunga tena. Akaanza kumwongezea vitu: mbavu za chuma ili ang'ang'anie ukuta wa shimo, kisha mkono mdogo wa kumsukuma kwa nyuma, na kila alichoongeza kilimfanya awe mzito, na kila alivyokuwa mzito ndivyo alivyozidi kushindwa. Kipimajoto cha sanduku kilisoma sawasawa. Vumbi aliloliona kidirishani lilikuwa kavu. Akabaki na maelezo ya aina moja tu, nayo alikuwa nayo tayari moyoni kabla hata ya kuyatafuta: yule bwana anafanya kitu.

Siku moja Mizani alimkuta kwenye bomba la maji ya kunywa, nje ya choo. Alikuwa na sauti ya upole, ile ya kuposea.

"Shemeji, kuhusu lile vumbi..."

"Hapa kazini sina shemeji."

"Sawa, Mama. Kuhusu vumbi, nimeona kitu kwenye rada, sidhani kama..."

"Ukiwa na neno peleka kwa Mkurugenzi," akasema, akafunga bomba wakati Mizani bado ana kikombe kitupu mkononi, akaondoka zake.

Mizani alisimama pale. Alikuwa amemeza mengi ya mwanamke huyu, mbele ya watu na mbele ya mkewe, na hili dogo likakaa vibaya kuliko yote. Akajaza kikombe chake, akanywa, akarudi kwenye rada.

Jumamosi yake mdogo mtu alikwenda kwa dada yake. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwalimu wa watoto wadogo, na alikuwa amezoea kuamulia ugomvi wa watu wasiojua kufunga kamba za viatu. Alimkuta Mama Nyundo sebuleni, amemtandaza Fuko vipande vipande juu ya gazeti, meza nzima.

"Dada, mnaniweka katikati."

"Nani amekuweka? Ulijiweka mwenyewe ulipomkubali."

Neno lile lilimuuma mdogo mtu, na dada yake aliona limemuuma, na hakulirudisha.

"Anasema ana jambo la kukuambia na humpi nafasi."

"Alikuwa na jambo la kuniambia Jumapili ile. Mdomo ukawa umejaa chakula changu."

"Ile imepita, Dada. Miaka imepita."

"Kwako. Wewe Fuko si wako."

"Na mume wangu je? Yeye ni wangu au si wangu?"

Mama Nyundo alichukua springi akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu aliye peke yake. Mdogo mtu alivaa viatu, akasimama mlangoni. "Basi mtajijua," akasema. "Msije mkaniita kwenye msiba wenu." Alitembea mpaka kituoni akiwa analia kwa hasira, na hata mwavuli aliusahau.

Siku ya jopo ikafika. Walikuja watu wa kuamua kifaa kipi kiende, wamevaa vizuri, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mkavu ambaye hata Mkurugenzi alimwamkia akiwa ameinama. Mizani alianza. Aliwasha rada, kioo kikachora tabaka za ndani ya sanduku, safi, zinang'aa, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Mama Nyundo akabandua kidirisha chake, akamweka Fuko.

Fuko akaingia kiasi cha kiganja. Akagonga. Akaruka. Akagonga, akaruka, mbele ya watu wote wale, mpaka mjumbe mmoja akaangalia saa, na mwingine akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa. Mama Nyundo alizima swichi. Masikio yalikuwa yanamwaka.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "Fuko huyu anafanya kazi. Kuna mtu hapa analiharibu vumbi langu." Akamnyooshea Mizani kidole. "Huyu bwana. Alishanifanyia hivi mara moja na nyote mlimpigia makofi."

Mizani uso ulimbadilika.

"Fungueni kifuniko," mwenyekiti akasema.

Mama Nyundo akatoa ufunguo mkobani. Fundi akafungua kufuli, akalegeza ukanda, akashika nailoni kwa pembe mbili na kuivuta. Maji yakamwagika kutoka upande wa ndani, yakamlowesha viatu na soksi. Si matone, maji. Chini yake vumbi lote, isipokuwa kiduara kidogo chini ya kidirisha kilichokuwa kikipata hewa, lilikuwa limeshikana. Fundi alichota kidogo akalifumba mkononi; alipofungua, limebaki donge, alama za vidole zinaonekana.

Mama Nyundo hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameweka moto chini na kufunika juu, kama sufuria. Magunia yale ya stoo yalikuja na unyevu wa mvua. Hita ikaupandisha, ukakutana na nailoni baridi, ukageuka maji, ukadondoka tena, kila siku, wiki baada ya wiki. Vumbi kavu linamwangukia Fuko na kumshika kiunoni ili nyundo isimrudishe juu. Vumbi bichi linasimama pembeni kama ukuta, na Fuko anabaki kuruka ndani ya tundu, hana pa kujishikilia. Hapakuwa na adui aliyeingia humo. Ni yeye, na kufuli lake.

"Nani aliweka hii nailoni?" mwenyekiti akauliza.

Fundi akatazama paa.

"Mimi," akasema Mama Nyundo.

Mwenyekiti akamgeukia Mizani. "Na wewe, rada yako inaona maji vizuri kuliko kitu chochote. Hukuona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Nilimwambia. Akasema nipeleke kwa Mkurugenzi."

"Ukapeleka?"

Mizani alijifuta paji la uso. "Sikupeleka," akasema. "Nilikuwa nimechoka kutukanwa. Na nilitaka kushinda."

Jopo lilikaa chumba cha pembeni kwa muda mfupi mno. Hawakumpenda Mizani kwa alichokisema, walisema hivyo waziwazi, lakini rada ilikuwa tayari na Fuko hakuwa tayari, na mwenye roketi hasubiri mtu akaushe vumbi. Rada ikapewa nafasi.

Fundi alilikausha vumbi hata hivyo. Hakuna aliyemtuma. Aliondoa nailoni, akaongeza moto, akaleta feni kutoka nyumbani kwake, akawa anageuza kwa sepetu kila alipopata nafasi. Lilipokauka akamwita Mama Nyundo. Akamletea Fuko kama alivyokuwa mwanzo, mwepesi, asiye na mbavu wala mkono. Fuko akagonga, akazama. Akaendelea kuzama, utepe unamfuata, watu wakaanza kutoka ofisini kuja kuangalia, mpaka ukasikika mgongano mkavu wa chuma kwa chuma. Alikuwa amefika sakafu ya sanduku. Mama Nyundo aliweka kiganja kwenye ubavu wa sanduku akasikia ule mgongano ukipita mkononi, akalia, na hakujificha.

Mizani alikuwa miongoni mwa waliosimama. Watu walipotawanyika yeye alibaki.

"Upimaji wa mwisho wa uzito bado," akasema. "Rada yangu ina antena mbili. Nikitoa moja na fremu yake, Fuko huyu mwepesi anaingia. Nimeshapima."

Mama Nyundo aligeuka. Moyo ulimruka, tusidanganyane. Uliruka kama wa msichana.

"Usidhani ni huruma," Mizani akaendelea. "Sikupendi, na wewe hunipendi. Ila rada inaniambia kuna tabaka, hainiambii tabaka la nini. Nikileta picha isiyo na maelezo nitaonekana punguani. Namhitaji Fuko."

"Na mimi unataka niseme nini? Asante?"

"Ingekuwa vizuri," akasema Mizani, na akatabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililoharibu. Pengine lilikuwa la aibu, pengine hata la amani, nani ajuaye. Mama Nyundo aliliona ni lile la Jumapili, la mtu anayeomba aongezewe chakula. Kila kitu kikampanda kwa pamoja, aibu ya mbele ya jopo, maji kwenye soksi za Fundi, na miaka yote ile.

"Ulimtoa bila kuniuliza, sasa unataka kumrudisha kwa hisani yako," akasema. "Watu waseme maisha yangu yote kwamba Mizani ndiye aliyempeleka Fuko Mwezini. Hapana. Bora abaki."

"Hiyo ni akili kweli?"

"Ni yangu."

Mkurugenzi alikuja kumbembeleza. Mwenyekiti wa jopo alipiga simu. Kumfunga Fuko kwenye chombo, kumwekea utepe, kumfundisha muda wa kugonga na muda wa kupumzika, hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo. Bila yeye ingekuwa kupeleka bomba. Walimwambia hayo yote. Mdogo wake alimpigia mara nyingi, akalia kwenye simu, akamwambia, "Dada, unajikata mwenyewe." Mama Nyundo alizima simu, akamfunga Fuko ndani ya kitambaa, akamweka kwenye kabati la chini la meza yake na kwenda nyumbani kupiga pasi. Siku ya upimaji ikapita. Mizani akarudisha antena ya pili.

Mimi ukiniuliza, hata leo hasira hainiishi, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Ila nikiwa mkweli, najua watu wengi ambao wangefanya vilevile, na baadhi yao naamkiana nao kila siku.

Alistaafu. Walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu, akaipokea saa na kuikatisha hotuba. Chombo kiliruka, kikazunguka huko kinakozunguka, kikatua. Siku rada ilipoanza kutuma picha, mdogo wake alikwenda kumtoa nyumbani kwa nguvu, akamvisha koti kama mtoto, akamleta. Karakana ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Walimpa kiti cha mbele, akakikataa, akasimama nyuma na mkoba wake kifuani.

Kioo kikaanza kuchora. Vumbi. Vumbi. Vumbi tena. Kisha, si mbali chini, urefu wa mtu tu, mstari mmoja mnene ukatokea, mweupe, umenyooka, unang'aa kuliko chochote walichowahi kukiona kwenye sanduku. Watu waliinuka vitini. Mmoja akasema barafu. Mwingine akasema barafu gani, huo ni mwamba. Wa tatu akasema lava ya kale, wa nne akamwambia anyamaze hajui anachosema. Mkurugenzi akawa anauliza kila mtu na kila mtu ana jibu lake, sauti zinapanda.

Mizani hakubishana. Alikuwa ameketi mbele ya kioo, mabega yamemshuka. Alikiangalia kile kitu kwa muda mrefu, kisha akageuza kiti chake, akatafuta kwenye umati mpaka akampata.

"Kile ni nini?" akamuuliza.

Sauti zikapungua, watu wakageuka. Mama Nyundo alikuwa amejiandaa kwa dhihaka. Alikuwa ametunga majibu njia nzima akiwa kwenye gari na mdogo wake, makali, ya kumwacha mtu hana pa kushika. Lakini Mizani hakuwa anadhihaki. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu katika watu wote mle ndani hakuna mwingine wa kuuliza.

Watu wakampisha. Alikwenda mpaka mbele, karibu kabisa na kioo, akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa koti, akaivaa tena. Mstari uko palepale. Fuko angeufikia.

"Sijui," akasema.

Akaendelea kusimama pale, mkono umenyooka nusu kuelekea kioo, mpaka mdogo wake akaja akamshika kiwiko.